Kabla ya Kumwuliza Mtoto "Ngapi?"

Binti yangu alipokuwa na miaka minne alihesabu kuanzia moja hadi hamsini bila kukwama, nami sikuacha kumwita sebuleni kila wageni walipofika ili awaonyeshe. Siku moja, tukiandaa chakula cha mchana, nilimwomba aniletee vijiko saba. Alirudi amekumbatia vijiko vyote vilivyokuwamo kabatini, akavimwaga mezani na kuanza kuhesabu, ulimi ukikimbia kuliko kidole, hata akafika kumi na tisa ilhali vijiko vilikuwa kumi na viwili tu. Nilikuwa nimemfundisha wimbo, na wimbo huo aliujua vizuri sana.

Kwa muda wa mwezi mzima baada ya hapo sikumwambia ahesabu chochote. Nilimtaka atazame, kisha anieleze alichokiona, na huo ndio ushauri wangu kwa mzazi au mwalimu wa darasa la awali: swali la "umeona nini?" litangulie swali la "ngapi?".

Tulianzia sokoni Ngamiani, hapa Tanga, kwa sababu wauza nyanya hupanga mafungu yao kwa utaratibu ambao mtoto anaweza kuusoma: nyanya tatu chini, moja juu. Nilimwuliza fungu limepangwaje, akajibu kwamba tatu zimembeba mwenzao. Hakuhesabu, aliona. Jicho la binadamu hutambua idadi ndogo, hadi vitu vitatu au vinne, kwa mtazamo mmoja, na mtoto anayezoea kuona kwamba nne ni tatu na moja amekwisha kuanza kujumlisha kabla hajaijua alama ya kujumlisha. Kwa bahati nzuri wauzaji hawakutufukuza, ingawa tulisimama mbele ya meza zao muda mrefu kuliko wanunuzi wa kweli.

Nyumbani tulitumia vizibo vya soda. Nilipanga safu mbili za vizibo sita sita, kila kizibo kikitazamana na mwenzake, naye akakubali kwamba safu zililingana. Nilipoitanua safu moja mbele ya macho yake, alisema kwamba hiyo ndiyo yenye vingi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwapa watoto jaribio la namna hii na kupata majibu kama hayo: mtoto mdogo huamini urefu wa safu kuliko idadi. Kosa langu lilikuwa kumsahihisha papo hapo, kwani alinyamaza, akarudia maneno yangu ili kunifurahisha, na kesho yake akajibu vilevile kama mwanzo. Baadaye nilimwacha akioanishe mwenyewe kila kizibo cha safu hii na cha safu ile, na baada ya majuma kadhaa ya kuoanisha vikombe na visahani, ndala na ndala, alianza kutilia shaka urefu.

Lugha yetu nayo humsaidia mtoto kutazama, kama tukiitumia kwa ukamilifu. Mtoto anayesema "vijiko vitatu, mayai matatu, miembe mitatu" analazimika kuangalia ni kitu gani anachokihesabu, na atagundua kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata kidogo. Binti yangu aliniuliza kwa nini "sita ni mkaidi", na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kucheka. Aidha, kumi na moja ni kumi na moja kwelikweli: jina lenyewe linaonyesha fungu la kumi na kimoja kilichobaki pembeni, jambo ambalo ni rahisi kulionyesha kwa vizibo.

Jikoni, kata bamia kwa upana kabla hujaitia chunguni, umwonyeshe mtoto vyumba vyake, ambavyo aghalabu ni vitano. Papai lililokatwa hivyo lina nyota ndani, na pwani, maji yakitoka, kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kina mikono mitano. Usimwambie kwamba vitu hivi vinafanana. Binti yangu alichukua siku tatu kuliunganisha papai na kiti cha pweza, na furaha yake isingepatikana kama ningemtangulia. Kanga pia ni darasa: tuliikunja katikati kwa urefu tukaona pindo likilala juu ya pindo, ua juu ya ua, lakini yeye ndiye aliyeona kwamba jina la kanga liko upande mmoja tu.

Juma lililopita tulianza vipimo. Nilipima meza ya chakula kwa shubiri zangu, nikapata sita. Yeye alinyoosha vidole vyake kwa bidii, akaenda shubiri kwa shubiri kutoka ukingo hadi ukingo, akapata kumi. Aliitazama meza, akautazama mkono wangu, kisha akarudi mwanzo kupima upya, akapata kumi tena. Sikusema neno. Hatimaye aliuchukua mkono wangu, akauweka wake juu yake, akazilinganisha ncha za vidole kimoja kimoja.