Barua kwa mwanangu aliyeko Guangzhou

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza: China, nchi iliyoandaa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Mongella wetu, imekuwaje ikawakamata mabinti watano mwaka 2015 kwa mpango wa kugawa stika za kupinga unyanyasaji wa kingono kwenye mabasi?

Mimi naona kule haki ya mwanamke ikishuka kutoka juu hupokelewa kwa vigelegele. Wenyewe wakiidai, huwa kesi. Sheria ya Ndoa ya 1950 ilikataza kuozwa kwa nguvu na kuweka masuria, ikampa mke haki ya kudai talaka. Si haba hata kidogo. Ila wadai walikuwepo kabla ya Chama cha Kikomunisti kinachotawala. Qiu Jin, mwanamke mwanamapinduzi, alifungua miguu yake iliyofungwa vitambaa tangu utotoni ili isikue, akaenda kusoma Japani, akaanzisha gazeti la wanawake, na mwaka 1907 akakatwa kichwa huko Shaoxing. Leo ana sanamu. (Marehemu haandamani.)

Hapohapo Guangzhou ulipo, Februari 2012, wasichana waliingia choo cha umma cha wanaume, wakawaita kina mama waliokuwa wamebanwa kwenye foleni, wakawaomba wanaume wasubiri kidogo nje. Walitaka wanawake waongezewe matundu ya choo. Mwezi huohuo, Beijing, wenzao walipita mtaani na magauni ya harusi yenye madoa mekundu kama damu, kupinga vipigo vya majumbani. Baadhi yao ndio waliokuja kuwekwa ndani siku 37 mwaka 2015. Na sheria dhidi ya ukatili wa majumbani ikaanza kutumika Machi 2016, hata mwaka haujaisha tangu waachiwe!

Siku hizi kishindo kiko kwenye uzazi. Serikali iliyowabana watu kwa mtoto mmoja, tangu 2021 inaruhusu watatu na kuwahimiza mabinti waolewe. Mwaka huohuo wanandoa waliokubaliana kuachana wakawekewa siku 30 za kujifikiria upya. Naye Huang Xueqin, mwandishi wa habari aliyewasaidia walionyanyaswa kingono kupaza sauti, alihukumiwa miaka 5 jela Juni 2024.

Kwa hiyo huyo mwenzako wa bwenini akigeuza mazungumzo ukimgusia haya, usimbane, na wala usimwandikie kwenye WeChat, ambako ujumbe hufuatiliwa. Ngoja siku mkitoka kutembea.

Mama yako