Kabla ya Kumjibu, Mtazame Anayeuliza

"Kaini alioa nani?" Kama wewe ni Mkristo na unapita vijiweni, swali hili umeshakutana nalo. Kwetu Temeke, pale tunapokunywa kahawa na kashata jioni, hutupiwa kila mlokole mgeni. Jibu lipo: Mwanzo 5:4 inasema Adamu, baba yake Kaini, alizaa watoto wengine, wa kiume na wa kike. Lakini muulizaji hangoji. Hujafika mwisho wa sentensi, ameshahamia kwenye safina ya Nuhu, na kabla hujaigusa safina yuko kwenye sadaka za wachungaji.

Hiyo ndiyo alama ya kuitazama. Mwenye kiu ya kujua hukaa kwenye swali moja, hata akabisha. Anayetaka watu wakucheke huruka. Kwa hiyo mimi hutoa jibu moja, fupi, bila kupandisha sauti, kisha namwambia, "Kaka, la safina nimelisikia. Tumalize la Kaini kwanza. Jibu nililokupa limekutosha?" Wengi huishia hapo.

Wako wapendwa wanaodhani kunyamaza ni kumkana Bwana. Wasome upya Injili. Alipoulizwa ana mamlaka gani, Yesu alirudisha swali juu ya ubatizo wa Yohana, na waliposema hawajui, naye hakuwajibu (Marko 11). Herode alimuuliza maneno mengi, asijibiwe lolote (Luka 23:9). Nikodemo, aliyekuja usiku akiwa na lake moyoni, alipata mazungumzo marefu.

Yapo maswali ya kejeli ambayo sikubali yapite, kwa sababu kuna kijana amekaa pembeni anasikiliza. "Hii si dini ya wazungu?" Hapo najibu kwa ajili ya yule kijana. Mmisionari Mjerumani, Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, lakini Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliipokea imani hii katika karne ya 4. Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Na nakiri wazi kwamba wapo wamisionari waliotembea bega kwa bega na wakoloni. Ukilikataa hilo, hata ukweli wako mwingine hautasikilizwa.

Sasa lipo jambo ambalo wengi tunalipita. Kuna jamaa pale kijiweni ambaye kila akiniona alikuwa anasema, "Mlokole, leo umeshamlipa nabii wako?" Watu wanacheka. Siku moja tulibaki wawili, nikamuuliza, "Ndugu yangu, haya mambo ya manabii yamekuumiza wapi?" Alizungusha kikombe mkononi kwa muda, halafu akanieleza. Mama yake alikuwa mgonjwa, akauza kiwanja na kumpelekea fedha mhubiri aliyemwahidi uponyaji. Hakupona, na kiwanja hakikurudi. Sikufungua Biblia. Nilimwambia alichofanyiwa mama ni wizi, na kwamba nami kinaniuma kuona jina la Yesu linatumika hivyo. Tuliongea mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake.

Kwa hiyo anayekukejeli kila siku juu ya jambo lilelile, mtafute akiwa peke yake. Mbele za watu atalinda heshima yake na wewe utalinda yako. Wengi wetu tunaikariri 1 Petro 3:15 pale panaposema mwe tayari kujibu, tunaishia kabla ya "kwa upole na kwa hofu".

Mkiwa kwenye mabishano ya dini, usilipize kwa kumtukana mtume wa mwenzako wala kitabu chake. Waislamu wa mtaani kwetu ndio waliobeba jeneza la baba yangu pamoja nasi, nitawatazamaje usoni? Yakigeuka kuwa matusi tu, lipa kahawa yako, aga, uondoke. Kesho msalimie kama kawaida.

Na swali usilolijua, sema hulijui. Niliwahi kuulizwa juu ya vita vya Yoshua na watoto waliouawa, nikaona muulizaji hatanii hata kidogo. Nilimwomba anipe muda, nikamuuliza mchungaji wangu, kisha nikamfuata nyumbani kwake kumpelekea nilichokipata. Hakuridhika na jibu lote, na mimi pia bado nalisoma. Sasa tunalisoma pamoja, Jumamosi baada ya kazi.