Huzuni, sonona au simanzi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri hojaji ya utafiti wa afya ya akili. Msimamizi wangu anataka niandike "sonona" kila palipotajwa huzuni. Rafiki yangu anayesoma fasihi anapendekeza "simanzi", na wa kompyuta yeye huandika "hisia hasi" tu, basi. Nimfuate nani? Tena, ni "nasikia huzuni" au "najisikia huzuni"? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hao watatu hawazungumzii kitu kimoja.

Sonona inatokana na kitenzi: moyo husonona, mtu husononeka. Wataalamu wa afya Tanzania wameichukua kuwa jina la ugonjwa, ule Waingereza wauitao "depression". Kenya utakuta zaidi "unyogovu". Ibaki kwenye ripoti yako, si kwenye hojaji. Aliyefiwa juzi ana huzuni, na huzuni hiyo si maradhi. Na aliye mgonjwa kweli, ukimuuliza "una sonona?", huenda akakutazama tu, hata kama wiki nzima hajapata usingizi. Mwenyewe atakwambia "nina mawazo". Neno hilo lisikupite: hapo halina maana ya fikra, ni mzigo moyoni. Ningekuwa wewe, ningeliweka kwenye hojaji kabla ya istilahi yoyote.

Simanzi na majonzi ni maneno ya msibani na ya ushairi. Rafiki yako angeweza kukuongezea jitimai, au kihoro, huzuni ya kupotelewa ambayo hata watu husemwa wamekufa nayo. Mazuri mno, lakini mgonjwa kwenye benchi la zahanati hayamsaidii.

Wa kompyuta nisimseme sana. Anapanga maelfu ya ujumbe kwa mafungu, chanya, hasi na yasiyoegemea upande, na kwa kazi hiyo "hisia hasi" inamtosha. Ila nina hamu ya kujua "pole sana, mama" anaitupa fungu lipi. Inasemwa penye machungu, nayo yenyewe ni faraja. Vilevile "tunasikitika kukujulisha" ya barua za ofisini: aliyeiandika huenda alikuwa anakunywa chai.

Sasa sarufi, ambako ndiko tafsiri nyingi huharibika. Kiswahili husikia njaa na baridi, huona haya na uchungu, na huwa na huzuni. "Nina huzuni" na "nimehuzunika" hazina ubishi. "Nasikia huzuni" inasemwa na inaeleweka. "Najisikia" mimi huipendelea ifuatwe na neno la hali: najisikia vibaya, najisikia mnyonge. "Najisikia huzuni" imeenea, siifuti kwa wino mwekundu, lakini siipendi.

Kubwa zaidi ni wakati. Hojaji ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona kwa maswali 9, inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukiandika "umehuzunika?", msomaji atajibu alivyo sasa hivi, kwa sababu -me- hapo inaeleza hali aliyomo. Unataka jambo lililojirudiarudia, kwa hiyo ita -ki- ikusaidie: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekuwa ukijisikia mnyonge au ukikata tamaa?" Kisha msomee kwa sauti mtu mzima asiye wa chuo, umwombe akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Akianza kukusimulia ya leo asubuhi, rudi ukaitazame -ki- yako.