Barua kwa Mwanangu: Leso za Desemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia na swali lako nimelisoma mara tatu: ikiwa kosa ni mwalimu, mbona duka lako la pili huko Nairobi limekufa kama lilivyokufa la kwanza? Msemo huo mimi siupendi. Mwalimu huingia darasani mwenyewe, lakini kosa hunyamaza mpaka ulifuate lilikoanzia, na sisi wanadamu hupenda kuishia njiani, pale tunapopata udhuru wa kutosha.

Unajua kwamba nilikuwa nikiuza leso karibu na Mtaa wa Biashara. Mwaka 1996 na 1997 mzigo wangu ulifika katikati ya Desemba, harusi zikiwa zimepamba moto kabla ya Ramadhani, nikauza mpaka nikaishiwa. Mwaka 1998 nikachukua korja kumi, yaani doti 200, kwa mkopo, nikitegemea tarehe ile ile. Mzigo ulipofika, zilikuwa zimebaki siku chache tu Ramadhani ianze na harusi zilikwisha kufanywa. Nikajiambia kwamba wanawake wameyachukia majina ya leso zile, yaani misemo iliyochapwa juu yake (na kwa kweli moja lilikuwa na kijembe kikali). Mwaka 1999 nikachagua majina ya upole, nikaagiza tena. Safari hiyo mzigo ulinikuta nimekwisha kuanza kufunga Ramadhani.

Mwaka wa mwandamo, ambao Ramadhani huufuata, ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini daftari la biashara nililiandika kwa tarehe za Desemba, na daftari ndilo nililolifuata. Tajiri wa jumla hakukubali kungoja harusi za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, na bangili za bibi yako zikaenda humo. Ni siku nilipoandika miandamo ya mwezi kando ya kila ukurasa ndipo nilipoona kwamba majina hayakuwa na hatia yoyote. Utajiri sikuupata hata baada ya hapo, lakini leso hizo ndizo zilizokulipia karo.

Sasa tuje kwako. Duka la kwanza ulipolifunga ulimlaumu mshirika wako, nami nikakuamini, kwa kuwa mama huamini upesi. La pili ulilifungua peke yako, nalo likafa katika mwezi wake wa nne, sawasawa na la kwanza. Mshirika hakuwapo. Sijui ni kodi, ni mali uliyokopesha marafiki, au ni fedha ya duka uliyoitumia nyumbani, wala sitaki uniambie kwa simu.

Ukija Idi, njoo na madaftari ya maduka yote mawili, tuyaweke sambamba ukurasa kwa ukurasa. Langu la 1999 nitalitoa sandukuni. Limo chini ya doti sita za mzigo ule, ambazo mpaka leo hazijapata mnunuzi.

Mamako,
Mombasa