Programu ikiganda usikimbilie kubadilisha kodi (maelekezo ya programu uliyoandika), isimamishe kwanza uone iko wapi

Kuna mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, nilimtengenezea programu ya mauzo na stoo, C# na WinForms (lugha na zana za kutengeneza programu za Windows), databesi SQLite, kitu cha kawaida tu. Miezi mitatu ya kwanza kila kitu safi. Halafu bidhaa zikafika kama 6,000 hivi, akaanza kunipigia, mwanangu hii mashine nikifungua orodha ya bidhaa inaganda, wateja wamesimama kaunta wananiangalia. Nikamwambia mama nipe siku mbili.

Siku mbili zikawa wiki, na sababu ni moja, nilishaamua kichwani kwamba tatizo ni databesi, hata sikuangalia. Nikaongeza indeksi za kuharakisha utafutaji, nikaandika upya kwueri zote za stoo (maombi ya data kwenye databesi), kila nikimpelekea toleo jipya anasema bado. Na kwenye laptopu yangu ilikuwa inafunguka chap maana nilikuwa najaribia bidhaa 50 za kubuni! Hapo ndo naomba unisikilize vizuri: omba nakala ya databesi ya mteja mwenyewe ujaribie hiyo, na ukiweza jaribia kwenye mashine inayofanana na yake. Ya mama ilikuwa na RAM ya 4GB na hard disk ya zamani ile inayozunguka.

Nilipopata data yake nikafanya kitu ambacho kilitakiwa kifanyike siku ya kwanza. Nikaendesha programu ndani ya Visual Studio, ile ninayoandikia kodi, nikafungua orodha, ilivyoganda tu nikabonyeza Ctrl+Alt+Break. Hiyo inasimamisha programu palepale ilipo. Fungua dirisha la Call Stack, utaona foleni ya fanksheni (vipande vya kodi vyenye kazi zake), ya juu kabisa ndo inayofanya kazi sasa hivi, ya chini yake ndo iliyoiita, hivyo hivyo mpaka chini kabisa. Kama unaona tu maneno External Code, yaani kodi ambayo hukuiandika wewe, nenda kwenye Options uzime Just My Code. Basi nikaiachia, nikaifungua orodha tena, nikaisimamisha tena, nikarudia mara kumi. Mara tisa ilikuwa sehemu ileile, na si databesi hata kidogo, ilikuwa ni DataGridView, lile jedwali linaloonyesha orodha, inapima upana wa safu.

Nilikuwa nimeweka AutoSizeColumnsMode iwe AllCells ili majina marefu ya mabati yasikatike. AllCells maana yake inapima kila seli, bidhaa 6,000 mara safu 9 ni seli 54,000, na kazi yote hiyo inafanyika kwenye thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) ileile inayochora dirisha na kupokea mausi na kibodi, sasa hapo mtu atakosaje kuona imeganda? Nikabadilisha kuwa DisplayedCells, ipime zile zinazoonekana tu kwenye skrini. Sekunde 11 zikashuka chini ya moja. Neno moja tu, baada ya wiki nzima ya kuhangaika na kwueri.

Hicho nilichofanya kwa mkono ndicho profaila ya sampuli (chombo cha kupima programu inatumia muda wapi) inachofanya, ila yenyewe inachungulia mara nyingi sana ndani ya sekunde moja halafu inakuhesabia. Kwenye Visual Studio ni Alt+F2, chagua CPU Usage, na upime toleo la Release, lile la kumpa mteja, sio Debug la kutafutia makosa. Kuna aina nyingine inayorekodi kila fanksheni imeitwa mara ngapi, inasaidia sana, lakini inaongeza mzigo kwenye kila mwito, kwa hiyo vifanksheni vidogo vinavyoitwa mara laki vinaonekana vizito kuliko vilivyo. Mi ningekushauri uanze na sampuli.

Na kama tatizo linatokea kwa mteja tu, wewe uko Dar yeye yuko kwake? Mwambie ikiganda asiifunge, afungue Task Manager, abonyeze batani ya kulia ya mausi juu ya programu, achague Create dump file, inayohifadhi hali ya programu wakati huo kwenye faili, akutumie hilo faili. Utalifungua kwako na utaona stack kama vile ulikuwepo kaunta. Ila ili uone majina ya fanksheni na namba za mistari uwe umetunza faili za .pdb (zinatengenezwa pamoja na programu unapoijenga) za toleo lilelile ulilompa. Tunza za kila toleo linalotoka kwa mteja, mi nina folda yake kabisa, moja kwa kila tarehe.

Mwezi uliofuata mama akapiga tena. Safari hii programu haigandi, inakufa, tena jioni tu, na siku zenye wateja wengi. Ujumbe ulisema imeshindwa kutengeneza window handle, yaani namba ambayo Windows inakipa kila dirisha au batani. Sikugusa kodi. Nikafungua Task Manager, upande wa Details, nikaongeza safu ya USER objects (idadi ya vitu kama madirisha na batani ambavyo programu imevishika), nikaanza kuuza misumari ya uongo huku naangalia namba. Kila mauzo moja namba inapanda 40, haishuki. Arobaini! Na paneli yangu ya bidhaa za haraka ina batani 40 kamili, kila mauzo yakiisha inasafishwa na kujazwa upya. Nilikuwa nasafisha kwa Controls.Clear, na hiyo inaziondoa batani kwenye paneli tu, haiziui, lazima uite Dispose, amri ya kuiachia kabisa, kwa kila moja. Windows kwa kawaida inaruhusu programu moja handle 10,000, gawanya kwa 40, mauzo 250 tu imekufa. Siku ya kawaida mama hafiki huko, Jumamosi anavuka.

Nikaweka Dispose, nikampelekea toleo, nikamwonyesha kijana wake wa kaunta ile safu. Jumamosi saa mbili usiku akanitumia picha ya skrini kwa WhatsApp, USER objects 318, duka lilikuwa bado wazi.