Logo ya biashara: ijaribu kwenye muhuri kabla hujaipenda kwenye skrini

Mkuu mleta mada, umesema biashara yako ni kusafirisha mizigo, dizaina amekuletea michoro mitatu ya logo, hujui uchague upi, na unafikiria kuipigia kura kwenye kundi la familia. Wa kwanza una lori, dunia na mshale. Wa pili ni herufi mbili za mwanzo wa jina. Wa tatu ni jina lenyewe tu, kwa fonti nene. Wengi humu wamekushauri uchukue wa kwanza kwa kuwa "unaeleza biashara". Mimi nilikuwa kwenye uchapaji kabla sijahamia kwenye usanifu, na huo wa kwanza ningeuweka kando.

Logo inatakiwa imfanye mtu akutambue. Kumweleza unafanya nini ni kazi ya bango, ya tangazo na ya wewe mwenyewe unapoongea na mteja. Tofaa la Apple halina kompyuta ndani yake, nyota ya Mercedes-Benz haina gari. Alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi wa usanifu, Carolyn Davidson, kwa dola 35, na Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, mwenyewe hakuipenda sana siku ile. Maana iliingia baadaye, watu walipoanza kuiona kwenye viatu. Halafu hebu jiulize: wasafirishaji wangapi wana lori, dunia na mshale? Mteja akiona yako atakumbuka ya jirani yako.

Kuna mtu hapo juu ametaja mshale kwenye logo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Ni kweli upo, umejificha kati ya E na x, kazi ya Lindon Leader ya mwaka 1994. Ila asiyeuona kabisa bado anasoma jina bila shida. Huo ni utamu wa ziada.

Sasa kuhusu kuzijaribu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dizaina hukutumia mchoro mkubwa, katikati ya karatasi nyeupe, na kila kitu kinapendeza. Usiuhukumu hapo. Printi michoro yote mitatu kwa wino mweusi peke yake, mmoja mkubwa, mmoja wa upana wa ukucha wa kidole gumba. Ile alama ndogo inayokaa juu ya ukurasa kwenye brauza huwa na pikseli 16 kwa 16 tu. Lori lenye matairi na madirisha likifika hapo linakuwa doa. Muhuri wa mpira haujui rangi zinazofifia wala kivuli. Mashine ya risiti huchapa nyeusi au haichapi. Uzi wa kudarizi kwenye fulana hauwezi kufuata mistari membamba kama unywele. Nikiwa kwenye uchapaji, wateja walikuwa wakileta logo zenye kung'aa kama chuma, tunalazimika kuzichora upya ili ziingie kwenye muhuri, na kinachobaki hakifanani na walichokipenda. Panda wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, wa mwaka 1961, alichaguliwa kwa sababu mojawapo hiyo hiyo: anaonekana vizuri kwa nyeusi na nyeupe, hivyo gharama za kuchapa zinapungua.

Rangi iwe jambo la mwisho. Buluu au kijani kinachowaka kwenye simu hupoa kikifika kwenye karatasi, kwa hiyo omba namba za rangi za skrini na za uchapaji, zote mbili. Na usitegemee nyekundu dhidi ya kijani peke yake kutenganisha sehemu za mchoro. Wanaume wasiozitofautisha ni wengi kuliko tunavyodhani.

Chaguo langu ni la tatu, na zile herufi mbili zitumike pale jina lisipoenea, kwa mfano kwenye picha ya profaili. Biashara isiyojulikana inahitaji jina lake lisomwe. Starbucks iliondoa jina kwenye logo mwaka 2011, miaka 40 baada ya kuanza. Wewe bado.

Hilo la kupiga kura kwenye kundi la familia, achana nalo. Ukiuliza "ipi nzuri?" utapata ladha za watu. Mwonyeshe mtu mchoro kwa sekunde chache, uuondoe, kesho yake mwombe akuchoree anachokumbuka. Akishindwa kabisa, umeshapata jibu.

Kabla ya kumaliza malipo, dai faili za vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, kwa SVG, AI (ya Adobe Illustrator) au PDF, pamoja na PNG isiyo na mandhari nyuma. Angalizo: PDF inaweza kuwa na picha ya JPG iliyopachikwa tu ndani. Ifungue, ikuze hadi asilimia 800. Kingo zikiwa na ngazi ngazi, si vekta. Uliza pia kama leseni ya fonti inaruhusu matumizi ya biashara, na mwandikishiane kwamba haki za mchoro zinahamia kwako, kwa sababu katika nchi nyingi haki hubaki kwa aliyechora hata kama umemlipa. Kisha tafuta kwenye daftari la alama za biashara la nchi yako uone kama hakuna anayefanana nawe katika huduma za usafirishaji. Fanya hivyo kabla ya kupaka rangi gari hata moja.