Unataka kazi ya utafiti wa moyo? Anza kwa kufunga mdomo

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwenye foleni ya dukani na mfuko wa viazi mkononi, simu ikaita. Nimepata. Muuguzi kiongozi wa utafiti, kitengo cha moyo. Nafasi kama hii niliiomba miaka minne nyuma nikajibiwa kwa barua ya mistari mitatu, na aliyepewa ni msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kujaza fomu. Yalipita. Hayajapita sana, lakini yalipita. Nilipofika nyumbani nikampigia mama Tanga, akapiga vigelegele mpaka jirani yake akaja kuuliza kuna nini.

Nilipoiandika habari hiyo, meseji zikamiminika. Moja ndiyo imenikalisha hapa usiku huu. Imetoka kwa muuguzi kijana wa Mwanza: "Shikamoo dada. Nimemaliza digrii, niko wodi ya moyo. Nataka kuingia kwenye tafiti kama wewe. Nianze na cheti gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Cheti cha GCP, yaani cha kanuni za kufanya utafiti kwa binadamu, utakipata mtandaoni kwa siku moja ukiwa na bando la kutosha. Kila mwenye kazi hii anacho, kwa hiyo hakitakutofautisha na mtu. Mimi nataka nikuambie jambo ambalo nililijua kwa kuaibika mbele ya watu kumi na wawili.

Miaka yangu ya wodini nairuka, maana unaijua: zamu za usiku, miguu kuvimba, chai inayopoa kabla hujainywa. Turukie 2016. Niko hospitali moja ya katikati ya Uingereza, jina lake libaki huko huko, nimehamishiwa timu ya utafiti, na utafiti wenyewe ni wa vali ya aota.

Kwa wasio wauguzi: vali ya aota ni mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Uzeeni mlango huo hujaa chokaa, ukakakamaa kama bawaba za geti la nyumba ya ufukweni. Mtu akipanda ngazi tatu anahema, na siku nyingine anaanguka tu. Hakuna kidonge cha kuufungua. Zamani njia ilikuwa moja: mfupa wa kidari unapasuliwa kwa msumeno, moyo unasimamishwa, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu, vali mpya inashonwa. Halafu tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier akapitisha vali iliyokunjwa kwenye mrija mwembamba, kuanzia kwenye kinena, hadi ndani ya moyo wa mgonjwa wa miaka 57 ambaye wapasuaji walishamkatalia. Njia hiyo inaitwa TAVI. Wagonjwa wetu waliiita "ile ya mguuni".

(Vali hizo hutengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe au wa nguruwe, kutegemea kampuni. Waislamu wataniuliza nguruwe, Wahindu wataniuliza ng'ombe. Jiandae na swali hilo kabla ya swali lolote la kitaalamu.)

Mwanzoni TAVI ilijaribiwa kwa wasio na njia nyingine. Utafiti wa PARTNER uliotoka 2010 ulichukua wagonjwa 358 ambao hawakufaa kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki ni asilimia 30.7 kwa waliowekewa vali na asilimia 50.7 kwa waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hapo hata mtoto anaona. Ugumu ulikuja baadaye, pale ulipomweka mezani mzee ambaye akipasuliwa atapona, na kwa TAVI pia atapona. Apewe ipi? Jibu la kweli wakati ule lilikuwa: hatujui. Ndiyo maana kompyuta ndiyo ilikuwa inagawa, huyu upasuaji, huyu TAVI, bila kuangalia sura ya mtu.

Sasa sikiliza. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kipimo cha kutembea dakika sita. Unaweka koni mbili kwenye korido, umbali wa mita 30, mgonjwa anakwenda na kurudi, wewe unahesabu mizunguko. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hata maneno yako yamepimwa. Kila dakika moja ikipita unasema sentensi iliyoandikwa: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano." Baadaye, "zimebaki nne." Husemi "jitahidi babu", hupigi makofi, hutembei mbele yake ukamvuta. Ukimshangilia huyu na yule ukamwacha kimya, mita zao hazilingani tena. Nililijua hilo vizuri, nikalifundisha hata kwa wengine. Nikadhani linaishia kwenye korido.

Akaja mzee mmoja Mhindi, miaka sabini na kitu, kofia ya sufu, kiatu kimoja kimefungwa kamba ya rangi tofauti na mwenzake. Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, yeye na mkewe walifika Uingereza na sanduku moja. Aliposoma jina langu kwenye beji akanitazama juu ya miwani: "Wewe mama toka wapi?" Nikamwambia Tanga. "Tanga! Machungwa bado iko?"

Jamani. Uko ugenini mwaka wa tisa, kila siku unatafsiri hadi mawazo yako, halafu mtu anakuuliza habari za machungwa kwa Kiswahili cha dukani cha zamani. Nililegea. Tulizungumza dakika arobaini, robo tu ya hizo zikiwa za utafiti. Alitembea mita 285, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya koni, akashusha pumzi, akaniuliza polepole: "Mama, ungekuwa wewe, ungechagua ipi?"

Nikamjibu, "Usijali mzee. Mimi ningechagua ya mguuni. Na utaipata, utaona."

Akacheka, akasaini.

Jumatatu asubuhi tukaingiza namba yake. Kompyuta ikachukua sekunde mbili ikaandika: upasuaji.

Nilimpigia mimi mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda, halafu akasema kwa Kiingereza, kile Kiswahili kikawa kimekwisha, kwamba atazungumza na mwanawe. Mwanawe alikuja kesho yake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Wewe ulimwahidi baba." Mzee alijiondoa kwenye utafiti, na familia ikakataa hata tusimpigie simu za ufuatiliaji.

Kwenye kikao cha timu nilijitetea kwamba nilitaka kumtuliza, mzee alikuwa na hofu. Mtafiti mkuu alikuwa mtu mpole sana, ndiyo maana maneno yake yaliniumiza. Alifunga faili akasema, "Huo si wema. Huo ni uchuuzi." Watu kumi na wawili wakatazama vikombe vyao. Nililia chooni, nikamchukia mwezi mzima. Na siamini kwamba kikao kile hakikuwa na mkono kwenye ile barua ya mistari mitatu, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Kwa nini alikasirika? Ilinichukua miaka kuelewa kwa ndani. Chukua PARTNER 3, utafiti wa TAVI kwa wagonjwa wenye hatari ndogo wakipasuliwa, uliotoka Machi 2019. Watu 1,000 waligawanywa: 503 TAVI, 497 upasuaji. Waliofika kweli kwenye matibabu waliyopangiwa na kuyapata ni 496 na 454. Yaani upande mmoja walipungua 7, upande wa pili 43. Nilipoisoma mistari hiyo nilimwona mzee wangu, ingawa yeye hakuwa kwenye utafiti ule. Watu walikuja wakiwa wameshachagua mioyoni mwao, kompyuta ilipowapangia kisu wakaondoka. Wakiondoka wengi, wanaobaki upande ule si mfano wa wale wa upande mwingine, na hapo unalinganisha maembe na machungwa.

Halafu tazama kile nilichokuwa namwahidi. Mwaka wa kwanza wa PARTNER 3, kifo, kiharusi au kurudishwa hospitali vilihesabiwa pamoja: asilimia 8.5 kwa TAVI, 15.1 kwa upasuaji. Ukiishia hapo utasema dada alikuwa sahihi. Lakini walipohesabu tena kwa miaka mitano ilikuwa 22.8 kwa 27.2, tofauti isiyotosha kutangaza mshindi. Na vali ya mguuni ina mambo yake: damu kuvuja pembeni ya vali, wengine kuishia kuwekewa betri ya moyo. Mwaka 2016 mimi sikuwa na namba hizi. Hakuna aliyekuwa nazo. Lakini nilikuwa na uhakika, tena kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: jifunze kusema "hatujui" bila sauti kutetemeka. Mgonjwa akikuuliza ungechagua ipi, mwambie hatujui, ndiyo maana tunafanya utafiti, na kwamba akikataa kushiriki atatibiwa vilevile. Nyamaza. Mwache akae na hilo neno. Kimya kitakuuma wewe kuliko yeye.

Wa pili ni huo huo. Usijaze kimya.

Wa tatu: soma tafiti zenyewe, usisome vichwa vya habari. Anza na hizi mbili za 2018, COAPT na MITRA-FR. Zote zilipima klipu inayobana vali ya mitrali (mlango mwingine, ulio ndani ya moyo) inayovuja kwa watu wenye moyo uliochoka. COAPT iliona vifo ndani ya miaka miwili ni asilimia 29.1 kwa waliowekewa klipu na 46.1 kwa wasiowekewa. MITRA-FR, ya Ufaransa, mwaka mmoja: 24.3 kwa 22.4, hakuna faida. Kifaa kile kile! Tofauti ilikuwa kwenye wagonjwa walioingizwa, vali zao zilivyovuja na mioyo yao ilivyokuwa imetanuka. Nani anachuja wagonjwa mlangoni? Wewe, muuguzi, na daftari lako. Usijidharau.

Na wewe uliyeko Mwanza usikae unatamani vali za Ulaya. Wazee wa PARTNER walikuwa na chokaa ya uzee. Wodini kwako analala binti wa miaka ishirini na kitu ambaye mitrali yake imegandana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile iliyoanza na koo ambalo halikutibiwa. Huyo njia yake ni puto linalopitishwa kwa mrija na kujazwa ili kuitanua vali, na puto hilo ni la Mjapani Kanji Inoue, alilitumia kwa mara ya kwanza 1982. Unajua nani alilipima vizuri? Waafrika. Monastir, Tunisia, waligawa wagonjwa 90, thelathini puto, thelathini upasuaji wa moyo wazi, thelathini upasuaji wa zamani wa kuitanua vali bila kuufungua moyo, wakawafuata miaka saba. Matokeo yalitoka 1998: puto lilikwenda sawa na upasuaji wa wazi, na yote mawili yakaushinda ule wa zamani. Wagonjwa tisini tu! Nikikutana na mtu anayesema hatuwezi kufanya utafiti kwa sababu hatuna mamilioni, namtumia huo.

Uganda nao. Huo haukuwa wa kifaa, ulikuwa wa sindano ya penisilini kwa watoto ambao ugonjwa huo huo ulikuwa umeanza kimyakimya, bila wao kuumwa. Waliingia watoto 818, wakamaliza miaka miwili 799. Waliozidiwa ni 3 kwa waliochomwa, 33 kwa wasiochomwa. Watu wanaishangaa hiyo 3 na 33. Mimi naishangaa 799. Sindano kila wiki nne, miaka miwili, na watoto wakarudi. Nyuma ya namba hiyo kuna wauguzi waliopiga simu na kugonga milango, na naweka kiapo kwamba hawakuwa wakiwaambia wazazi "usijali, mtoto atapata dawa". Mzazi aliyeahidiwa sindano akapangiwa kusubiri hakuletei mtoto mwaka wa pili.

Nimeanza kuhubiri, naona. Nivumilieni, cheo kipya.

Jumatatu ijayo nakabidhiwa makabati ya tafiti za zamani. Kwenye mojawapo mstari wa mzee wa Jinja bado upo, namba bila jina: mita 285, halafu "amejiondoa", halafu visanduku vitupu hadi mwisho wa ukurasa. Mwandiko wa "amejiondoa" ni wangu.

Mdogo wangu wa Mwanza, nipigie Jumapili jioni. Usilete vyeti. Mimi nitakuwa mzee, wewe utakuwa muuguzi, fomu ya ridhaa mezani. Nitakusimulia machungwa, nitakuchekesha, nitakuita mwanangu. Halafu nitakuuliza, ungekuwa wewe, ungechagua ipi?